Nyumba Iliyolala Zizini

Felisiani alikuwa na nyumba ya vyumba vinne, sebule, jiko, stoo na baraza mbele na nyuma, na yote hiyo ilikuwa ndani ya flashi aliyoivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Akienda kulala anaiweka chini ya mto. Akioga anaitundika kwenye msumari, anaoga huku anaiangalia.

Nyumba hiyo ilikuwa mahari yangu. Niseme vizuri: ilikuwa sehemu ya mahari yangu, kwa sababu kulikuwa na ng'ombe watano pia.

Kwetu ni wafugaji. Wazazi wangu walikuja Katavi na ng'ombe wao kutoka kaskazini nikiwa bado nabebwa mgongoni, wakaishia hapa Misunkumilo, pembeni ya mji wa Mpanda, pale nyumba za bati zinapoachia mashamba. Felisiani ni Mpimbwe, fundi ujenzi. Kwao wanalima, ng'ombe wanamfahamu zaidi akiwa ndani ya sufuria. Hao watano aliwapata kwa kujenga kuta za watu mpaka Sitalike, na baada ya wa tano akachoka kabisa. Ndipo mshenga wake, Zefania, dereva bodaboda mwenye maneno mengi, akaja kwa baba na wazo: ng'ombe waliobaki wageuzwe nyumba. Felisiani atamjengea baba mkwe nyumba ya kisasa kwa mikono yake, hapahapa kwenye kiwanja chetu.

Baba alikubali kabla Zefania hajamaliza kusema. Nyumba yetu ina ukuta mmoja ambao huanguka kila masika, na kila masika baba huusimamisha akiutukana kama mtu. Ila aliweka sharti.

"Siku ya kikao nyumba iwepo mbele yetu," alisema. "Siwezi kupokea kitu nisichokiona."

Na haraka ilikuwepo. Baba mkubwa Luhende, kaka yake baba, ndiye msemaji wa ukoo wetu, na alikuwa ameamua kwamba mwezi ukiisha ng'ombe wote wa ukoo wanahamia kusini, upande wa Rukwa, kwenye majani. Kikao kikiwa kimekwisha vizuri, mimi nabaki na mume wangu. Kikao kikiharibika, naenda nao kupika na kukamua, na wakienda huko huwa hakuna anayejua watarudi lini. Felisiani alisema atanisubiri. Mimi sikusema kitu, maana sijui kusema mambo kama hayo, lakini usingizi ulikuwa umenihama.

Tulijuana kwa sababu ya maziwa. Kila asubuhi napeleka maziwa mjini, na kituo changu cha mwisho ni steshenari ya dada Scola. Felisiani alikuwa anajenga ukuta wa jirani, akawa ananunua kikombe kila siku, anakinywa amesimama, anarudisha kikombe bila kuniangalia. Scola ndiye aliyenifungua macho.

"Mdogo wangu, huyu kaka maziwa yanamwendesha tumbo. Anakufa kwa ajili yako, tena anafia chooni kwangu."

Nilifunika uso kwa kanga. Kesho yake nilimwekea maziwa mgando, nikasikia hayo tumbo lake linayavumilia.

Ramani ya nyumba ilichorwa na Cletus, kijana anayechora majengo kwenye kompyuta yake. Cletus alisema ramani ile inataka karatasi pana kama mkeka wa mtoto. Tulitafuta mashine ya karatasi za namna hiyo, hatukuipata. Kwa hiyo siku moja kabla ya kikao Felisiani alivua flashi shingoni, akamkabidhi Scola kwa mikono miwili.

Printa ya Scola ni ya kawaida, ya karatasi hizi za barua. Inatoa mitihani, barua za kuomba kazi, na matangazo ya misiba. Scola aliifungua nyumba kwenye kompyuta, ikajaa kioo chote na sehemu nyingine ikabaki nje.

"Itaingia," alisema. "Naibana."

"Unaibana vipi?" Felisiani aliuliza.

"Nabonyeza hapa, yenyewe inajikunja ikae kwenye karatasi."

Felisiani alimpigia Cletus, akaweka simu sauti ya juu. Cletus alisema sawa, ibaneni, lakini maandishi yatakuwa madogo, na msije mkaweka rula juu yake, maana ile skeli iliyoandikwa pale chini haitakuwa ya kweli tena. Asomaye asome namba tu.

Karatasi ikatoka ikiwa ya moto. Nyumba ilikuwepo yote, ndogo, imekaa katikati kama kiwavi kwenye jani. Namba zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa. Felisiani aliishika, uso ukamshuka.

"Mbona imekuwa hivi?"

"Nyumba ni ileile," Scola alisema. "Imepungua kama unavyopungua kwenye picha ya pasipoti. Wewe ukishapiga pasipoti unatoka studio ukiwa mfupi?"

Felisiani aliipuliza karatasi ipoe. Wakaiweka kwenye bahasha.

Sasa nieleze jambo letu moja. Ng'ombe wa mahari kwetu huzungumzwa kwa vijiti. Kijiti kirefu kinene ni dume. Cha wastani ni jike aliyezaa. Kifupi ni ndama. Wazee wakikaa, vijiti vinapangwa chini mbele yao, na ng'ombe atakayekuja lazima alingane na kijiti chake. Usipoelewa hilo hutaelewa kilichotokea, na Zefania hakulielewa.

Kikao kilikaa uani kwetu, karibu na zizi. Wazee kwenye vigoda, wageni kwenye benchi la kuazima. Mimi na mama tulikuwa jikoni, tunaona kila kitu kwenye upenyo wa ukuta. Mwanzo ulikuwa mzuri. Baba mkubwa Luhende alipanga vijiti vitano, akataja kila kimoja, Zefania akaitikia. Kisha baba akajikohoza.

"Na ile nyumba?"

Zefania alitoa karatasi kwenye bahasha, akailaza chini, mwisho wa mstari wa vijiti. Baba mkubwa aliinama. Akainua kichwa, akawatazama wageni mmoja mmoja.

"Huyu ni ndama," alisema.

"Hapana mzee wangu," Zefania alisema, "hiyo ni nyumba ya vyumba vinne. Imepunguzwa tu."

"Nani kampunguza?"

"Mashine."

"Mashine yenu impunguze, halafu sisi ndio tumlishe mpaka akue?"

"Mzee, siyo hivyo. Kuna kitu kinaitwa skeli." Zefania alisogea mbele kwenye benchi, nikajua tunaharibikiwa, kwa sababu Zefania akisogea mbele huwa anaanza kufundisha. "Angalia. Hapa kwenye karatasi ni moja. Kule kiwanjani hiyo moja inakuwa hamsini. Ndiyo kawaida ya ramani dunia nzima."

Baba mkubwa aliitazama tena karatasi. Kisha akakohoa kidogo.

"Moja hapa chini ni hamsini kule."

"Ndiyo mzee! Umeelewa haraka."

"Vizuri." Akachukua fimbo yake, akagusa kijiti cha kwanza. "Basi hapa umeniwekea ng'ombe hamsini." Akagusa cha pili. "Hamsini." Akaenda hivyo mpaka mwisho wa vijiti. "Vyote vimelala kwenye udongo mmoja. Mnaswaga lini?"

Mama alijiziba mdomo kwa upawa. Niliona Zefania akihesabu kwa midomo, na Felisiani, ambaye kwa desturi hatakiwi kusema neno kikaoni, akimvuta shati kwa nyuma.

"Mzee," Zefania alisema kwa sauti ndogo, "naiondoa skeli."

"Umeiondoa?"

"Nimeiondoa kabisa. Haipo."

"Kama haipo, huyu ni ndama. Rudini naye. Mkileta aliyekomaa tutaongea, na mlete kabla mwezi haujaisha, sisi tunasafiri."

Baba alitaka kusema neno. Niliona mdomo wake umefunguka. Lakini kaka yake ni kaka yake, akaufunga.

Jioni Felisiani alinikuta njiani nikirudisha benchi.

"Nyamizi."

"Abee."

"Itakuwa kubwa."

"Haya," nikasema. Ndiyo yote niliyoweza.

Kesho yake kwa Scola kulikuwa na mkutano mwingine. Scola alikuwa ametafuta usiku kucha kwenye simu, akagundua kwamba ile printa yake ya kawaida inaweza kutoa nyumba vipandevipande, kila karatasi na kipande chake, halafu mtu anaunga. Akabonyeza. Karatasi zikaanza kutoka: kona ya baraza, nusu ya mlango, kipande cha jiko, karatasi nzima yenye mstari mmoja tu. Felisiani alizipokea kama mtu anayepokea watoto wachanga kwa mkunga. Nusu ya kazi, wino mweusi ukaisha. Wa dukani ulikuwa umekwisha pia. Scola akaiambia mashine itumie rangi nyingine iliyobaki, na vyumba vya nyuma vyote vikatoka vyekundu, vina madoa.

"Haina shida," Scola alisema. "Nyumba haijengwi kwa wino."

Gundi ya Scola iliyobaki isingeunga hata sebule. Nikasema nyumbani tuna unga wa muhogo. Mama akaupika uji mzito wa kunata, akatia na chumvi nyingi ili usivunde, kama tunavyofanya tukigundisha magazeti ukutani. Tuliunga uani kwa Scola mchana kutwa, Felisiani upande mmoja na mimi upande mwingine, tunakutana kwenye korido. Nyumba ilipokauka ilikuwa pana kuliko mlango. Ilibidi itoke imekunjwa, ikabebwa juu ya bodaboda ya Zefania ikiwa imeshikwa na watu wawili, na watu wa Mpanda wakapisha wakidhani ni bango la msiba mkubwa.

Wazee waliitandika uani. Safari hii baba mkubwa Luhende hakuinama. Alisimama. Aliizunguka mara moja, polepole, mikono mgongoni. Akaigusa kwa fimbo kwenye baraza la mbele.

"Mgeuzeni."

Wakaigeuza.

"Tumbo jeupe," alisema. "Mrudisheni." Akafika kwenye vyumba vya nyuma, akachuchumaa. "Na haya madoa? Ana ugonjwa wa ngozi?"

"Ni wino, mzee," Zefania alisema. "Amezaliwa nayo."

Zefania alikuwa amejifunza.

"Mbele mweusi, nyuma mwekundu, tumbo jeupe," baba mkubwa alisema taratibu. Akamgeukia baba. "Malale, unamkumbuka yule wa marehemu baba? Aliyekuwa akitembea mbele ya wote?"

"Namkumbuka," baba alisema.

"Ndiye huyu." Baba mkubwa alipangusa jicho. Alikwenda kukata fimbo mpya kwenye ua, ndefu kuliko zote, akailaza kwenye mstari. Jikoni nilishika mkono wa mama.

"Sasa wataingia wote zizini," baba mkubwa aliendelea, "walale usiku mmoja. Atakayeamka salama ni wetu. Mambo yamekwisha."

Hiyo ni desturi, ng'ombe wa mahari hulala zizini kwa wakwe kabla hawajapokelewa. Zefania alisahau somo lake.

"Mzee, hata karatasi?"

"Wenzake wanaingia. Yeye abaki nje ana nini?"

Basi wakaingia wote. Ng'ombe watano kwa miguu yao, na nyumba kwa mabega ya Felisiani na Zefania. Waliitundika upande wa ndani wa ua, wakaibana kwa miiba. Baba mkubwa alifunga mlango wa zizi kwa mkono wake mwenyewe, akavuta gogo kujaribu kama limekaza. Felisiani aliondoka akigeuka nyuma kila mara, kama mzazi aliyemwacha mtoto bwenini.

Asubuhi tuliamshwa na baba akipiga kelele kama kuna simba.

Jike jekundu, mmoja wa wale watano wa Felisiani, alikuwa amesimama katikati ya zizi, stoo ikimning'inia mdomoni. Alitafuna taratibu, stoo ikaingia. Jiko lilikuwa limekwisha. Vyumba vitatu vilikuwa vimekwisha. Sebule ilikuwa chini, imekanyagwa, na katikati yake pana samadi. Baraza la mbele tu ndilo lilikuwa bado kwenye miiba, limelambwa mpaka likawa laini.

Zefania na Felisiani waliitwa. Walipofika wazee walikuwa tayari wamekaa, wamekunja sura.

"Mwangaluka," Zefania alisalimia kwa Kisukuma chake cha kubahatisha.

"Nyumba imeliwa," baba alimjibu.

Zefania aliangalia zizini. Akavua kofia. "Poleni sana," alisema. Kisha akachangamka. "Lakini hii siyo kazi. Nafika kwa Scola sasa hivi, anatoa nyingine."

"Huyo atakuwa mwingine," baba mkubwa alisema. "Ukileta mwingine, ni wa pili. Huyu wa kwanza utajenga, na wa pili utajenga."

Zefania, aliyekuwa ameshatoa ufunguo wa pikipiki, akaurudisha mfukoni.

"Tena," baba mkubwa aliendelea, "ng'ombe wenu kala nyumba yenu. Mmejila wenyewe. Hapa hakuna kilichotolewa. Malale, mwambie mama Nyamizi afunge mizigo ya mtoto."

Mama aliweka chini kibuyu alichokuwa anasukasuka. Mama huwa haendi kwenye kikao cha wanaume. Alikwenda, akapiga goti kwa heshima, akabaki hapohapo kwenye goti.

"Shemeji, nina swali dogo."

"Uliza, Kashinje."

"Nyumba ililala zizini au haikulala?"

"Ililala."

"Na huyu jike?"

"Alilala."

"Nani alifunga mlango?"

"Mimi."

"Walipokuwa wanakulana humo ndani, lilikuwa zizi la nani?"

Baba mkubwa alijikuna kidevu. Alitazama zizi, akatazama fimbo ndefu aliyoikata jana, bado imelala kwenye mstari wake.

"La kwetu," alisema mwishowe. "Basi ng'ombe wetu kala nyumba yetu. Tumempata na tumempoteza. Kijana kamaliza mahari."

Mama aliinuka, akarudi jikoni bila kunitazama, akashika kibuyu chake. Mimi nilianza kucheka na kulia kwa pamoja. Lakini sasa aliyesimama alikuwa baba, na sijawahi kumwona baba akisimama mbele ya kaka yake.

"Kaka! Na mimi je? Nyumba yangu iko wapi?"

"Imo tumboni mwa yule jike. Kwa hiyo asiuzwe."

"Nitalala tumboni mwa ng'ombe?"

"Malale, mali hufa."

"Sikubali," baba alisema. "Masika inakuja na ukuta wangu ni uleule. Kijana aliahidi nyumba. Atajenga nini wakati ramani imeliwa? Bila nyumba binti haolewi. Kesho mwezi umekwisha, anaondoka nanyi kusini."

Hapo ndipo Felisiani alipoinuka. Zefania alimshika shati: "Kaa chini, wewe huruhusiwi kuongea." Felisiani hakuongea. Alitoka kikaoni, akaja mpaka mlango wa jikoni.

"Nyamizi, majivu yapo?"

"Yapo."

"Mengi?"

"Mengi."

Mbele ya wazee hatukuwa tumewahi kuongea marefu kama hayo. Nikampa ndoo nzima. Akachukua kamba za kufungia ndama, akachonga vigingi, akaenda upande wa pili wa uwanja ambapo hapana kitu, akaanza. Alipigilia kigingi, akavuta kamba, akapima kona kwa mikono, akamwaga majivu chini ya kamba. Hakuangalia popote. Nyumba hiyo alikuwa amelala nayo chini ya mto, kichwa kilikuwa kimeinyonya. Vyumba vinne vikatokea. Sebule ikatokea. Jiko, stoo, korido, baraza mbele, baraza nyuma. Pale penye mlango aliacha nafasi bila majivu.

Wazee walikuwa wamesogea na vigoda vyao.

"Na hii," baba mkubwa aliuliza, "imepunguzwa mara ngapi?"

"Haijapunguzwa, mzee," Felisiani alisema. Ndilo neno lake la kwanza kikaoni. "Moja ni moja."

Baba alikuwa ameshaingia. Alipita kwenye baraza, akaingia sebuleni, akageuka huku na huku. Akaenda kila chumba. Katika korido alijibana bega kidogo, sijui kwa nini. Kisha akaomba kigoda chake, akakiweka sebuleni, akakaa.

Baba mkubwa naye alianza kwenda kumwambia jambo. Akakata moja kwa moja kutoka upande wa zizi.

"Kaka!" baba alipiga kelele. "Unapita ukutani!"

Baba mkubwa aliganda, mguu mmoja hewani.

"Haya ni majivu, Malale."

"Basi pita."

Baba mkubwa aliangalia mstari wa majivu. Aliangalia watu wote wanaomtazama. Mguu ulirudi nje. Alizunguka kiwanja chote taratibu kama mtu anayetembea kwa hiari yake, akafika mbele ya baraza, akasimama pale penye nafasi. Akakohoa. Hakuna aliyemjibu. Akakohoa tena.

"Hodi," alisema.

"Nani?" baba aliuliza toka sebuleni, hatua chache tu mbele yake.

"Luhende."

"Luhende wa wapi?"

"Malale, usinifanyie hivyo."

"Karibu kaka, karibu ndani. Nyamizi, mletee baba yako mkubwa kiti."

Nilileta kiti. Baba mkubwa alikaa, akagusa magoti yake, akatazama juu ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa mawingu.

"Nyumba kubwa," alikiri.

"Ina jiko ndani," baba alisema. "Na stoo."

"Niliiona stoo. Asubuhi." "Lakini kesho alfajiri tunaondoka. Toka ukafunge mizigo, wewe na watu wako."

"Nyie nendeni na ng'ombe. Mimi siwezi."

"Huwezi nini?"

"Mtu ana nyumba ya vyumba vinne, aiache na nani?"

"Na binti?"

"Binti ana mume. Wewe mwenyewe umesema kijana kamaliza." Baba alinyoosha mguu mmoja mbele, kama mtu aliye kwake. "Vijiti vyako okota, kaka, watoto watavikanyaga."

Zefania alianza kupiga vigelegele, ambavyo ni kazi ya wanawake, mama akamnyang'anya na kuvipiga vizuri. Felisiani alisimama pembeni na ndoo tupu ya majivu, hajui mikono aiweke wapi. Aliniangalia. Safari hii sikufunika uso.

Tone la kwanza lilianguka kwenye kipara cha baba mkubwa. Mvua ya kwanza ya mwaka huwa haipigi hodi, ilishuka yote kwa pamoja. Wazee walikimbilia jikoni, wageni wakajibanza ukutani, baba mkubwa Luhende naye akakimbia, na katika kukimbia alipita mlangoni, nilimwona kwa macho yangu. Majivu yaliyeyuka, yakaanza kuondoka kwa vijito vyeupe. Kamba na vigingi vilibaki.

Baba hakutoka. Alikaa sebuleni kwake, ameshika magoti, maji yakimtiririka puani na kidevuni.

"Baba, ingia jikoni!" mama alimwita.

"Niko ndani," alijibu.

Akakaa hivyo kwa muda. Kisha akageuza shingo, akamtafuta Felisiani kwa macho katika mvua, na tangu uchumba uanze hakuwahi kumwita kwa neno lolote zaidi ya "kijana".

"Mkwe wangu!"

"Naam, baba!"

"Inavuja!"

"Nitaezeka, baba!"

"Uezeke mapema!"

Nilichukua mwavuli wa mama nyuma ya mlango wa jikoni nikaenda kumpelekea. Njia fupi ilikuwa kukata kwenye chumba cha wageni. Nilizunguka mpaka mbele, kwa sababu baba alikuwa ananiangalia.